Mtandao mdogo wa kijamii kwa kutumia milisho tu: majibu yakae wapi?

Mzabibu_Mkavu (Nkuhungu, Dodoma)

Wakuu, mbukwenyi.

Nina steshenari ndogo hapa Nkuhungu. Kuchapa, kutoa kopi, kuwajazia watoto fomu za mkopo wa chuo, na ukiniletea simu iliyoangukia ndoo sikufukuzi. Nyumbani ni Hombolo, na nyumbani kuna shamba la zabibu. Nayataja haya mapema ili mjue namtengenezea nani: watu wenye simu janja iliyopasuka kioo, bando la siku, na mikono yenye salfa.

Tuna kundi la kuchati la wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Mbabala. Linasaidia, sikatai. Lakini zabibu huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu iliyoiva haina subira: ikikosa gari leo, kesho unahesabu hasara. Mtu akitangaza alfajiri kwamba kuna gari linakwenda kiwandani na lina nafasi ya kreti ishirini, ikifika saa nne tangazo limeshafukiwa na salamu, video za mahubiri na picha za maua. Baadaye admini akapoteza laini yake. Hakuna tena aliyeweza kuingiza mtu wala kutoa mtu. Likaanzishwa kundi jipya, nusu ya watu hawakuhama, na kumbukumbu za misimu iliyopita, nani alipiga dawa gani ya ukungu, wiki gani, ikafanya kazi au ikagoma, zote zimebaki kwenye kundi la zamani ambalo sasa limejaa wauza viatu.

Wazo langu: kila mtu awe na faili lake kwenye wavuti, yaani mlisho kama ule unaotumiwa na podikasti na tovuti za habari. Kumfuata mtu ni kuongeza anwani ya mlisho wake kwenye orodha yako, basi. Programu inazungukia anwani hizo, inachota vilivyo vipya, inavipanga kwa muda. Hakuna kampuni katikati, hakuna akaunti ya kufungiwa, hakuna admini wa kupoteza laini. Sehemu hii nimeshaiandika na inatembea kwenye kompyuta ya dukani.

Nilipokwama ni kwenye kujibu. Mlisho umeumbwa kwa ajili ya mtu kusema na wengine kusikia. Mkulima wa Mpunguzi akiuliza majani yake yana unga mweupe afanye nini, yule wa Mbabala anamjibu wapi? Na yule aliyeuliza atajuaje kuwa amejibiwa?

Najua kuna Mastodon, mtandao wa kijamii wa seva nyingi, na ActivityPub, kanuni ambayo seva hizo zinaongea kwayo, nimeisoma kuanzia juu hadi chini. Kwa utaratibu wake unahitaji seva iliyo macho saa zote, sanduku la kupokelea ujumbe, funguo za kusaini, hifadhidata ya nani anamfuata nani. Mimi umeme ukikatika Nkuhungu duka zima linalala. Nataka kitu ambacho kompyuta ikizima usiku mzima, asubuhi kinaendelea pale kilipoishia bila mtu kugundua.

Natanguliza shukrani.

Fundi_Sanifu

Mkuu, hilo la majibu lilishaandikwa zamani, watu hawalitumii tu.

Kwanza, kati ya miundo miwili ya kuandikia milisho, tumia Atom, achana na RSS. RSS 2.0 ya mwaka 2002 ndiyo iliyoenea, podikasti karibu zote zinatembea juu yake, lakini imeacha milango mingi wazi. Kitambulisho cha kipengele si lazima, tarehe si lazima, hata kichwa unaweza kukiacha mradi kuna maelezo. Kwa kusoma habari haiumizi. Kwa mazungumzo inaua, maana huwezi kujibu kitu kisicho na kitambulisho. Atom, ambayo ni RFC 4287 ya Desemba 2005 (RFC ni hati za viwango vya intaneti), inalazimisha kila kipengele kiwe na id, yaani kitambulisho, kichwa na muda wa kusasishwa. Hapo tayari una pa kushika.

Halafu kuna RFC 4685 ya 2006. Hiyo inaongeza alama moja muhimu, `in-reply-to`. Ukitaka kumjibu mtu, unaandika kipengele kipya kwenye mlisho WAKO, na ndani yake unataja id ya kile unachokijibu. Faili la mwenzako huligusi. Programu ya msomaji, ambaye anawafuata ninyi wawili, ndiyo inayoona hiki kinajibu kile na kuvipanga pamoja. Mkulima wa Mbabala anajibu kwake, wa Mpunguzi anasoma kwake, na dukani kwako kompyuta inaweza kulala inavyotaka.

Utakutana na watu watakaokuambia XML, lugha ya alama inayoandikia Atom na RSS, ni nzito, tumia twtxt. Ni nzuri, ya 2016, faili la maandishi matupu, kila mstari una muda, tabo moja, halafu maneno:

`2025-08-14T07:30:00+03:00	Gari la kiwandani linapita Hombolo Bwawani saa tisa, nafasi kreti 20`

Unaweza kuliandika kwa mkono. Ila halina id. Jumuiya ya Yarn ilipotaka watu wajibizane kwa twtxt ikabuni hashi fupi, yaani msimbo unaokokotolewa kutoka anwani ya mlisho, muda na maneno yenyewe. Sasa jiulize: umeandika kreti 20, ukagundua ni 30, ukarekebisha. Hashi imebadilika. Majibu yote yaliyoelekezwa kwenye ile ya mwanzo hayana mzazi tena. Kwenye Atom unabadilisha maneno, unasogeza `updated`, id inabaki ileile, na programu ya msomaji inaweka kipya mahali pa cha zamani. Kwa watu wanaotangaza bei na nafasi za gari, hii peke yake inatosha kuamua.

Jambo la mwisho, usiitengeneze id kutokana na anwani ya ukurasa. Siku ukihama seva kila kitu kitaonekana kipya na kila mtu atasomeshwa upya matangazo ya mwaka jana. Tumia mtindo wa `tag:`, RFC 4151: kikoa, yaani jina la tovuti yako, mwaka, halafu namba yako. Kitu kama `tag:mfano.co.tz,2025:hombolo-118`. Kikoa hapo ni cha kuhakikisha hamgongani tu, hakilazimiki kuwa hai milele.

Mzabibu_Mkavu

Fundi, hii ya 4685 sikuwahi kuisikia. Asante sana.

Lakini hapo ndipo kichwa kinaniuma zaidi. Tuseme mama mmoja wa Bihawana, simfahamu, ameona swali langu kupitia kwa mtu mwingine na amenijibu kwenye mlisho wake. Mimi simfuati. Jibu liko kwenye wavuti, zuri, na sitaliona maisha yangu yote.

Kaka_Seva

Webmention. Imekuwa pendekezo rasmi la W3C, shirika la viwango vya wavuti, tangu Januari 2017 na ilitengenezwa kwa tatizo hilohilo. Ukurasa wako unatangaza anwani ya kupokelea taarifa. Yule mama akishachapisha jibu, programu yake inatuma kwenye anwani hiyo vitu viwili tu: chanzo, yaani ukurasa wake, na lengo, yaani ukurasa wako. Seva yako inakwenda kwenye chanzo kuhakikisha kweli kuna kiungo kinachoelekea kwako, ikikikuta inakubali. Mistari michache ya PHP, lugha ya kuandikia programu za seva.

Mama_Ilazo

Kaka_Seva, mistari michache ya PHP ndiyo iliyonifundisha usingizi wa mang'amung'amu. Niliwahi kusimamia blogu ya taasisi moja iliyokuwa inapokea taarifa za aina hiyo, enzi za pingback na trackback, watangulizi wa Webmention. Webmention imeboresha, inahakiki kwamba kiungo kipo. Lakini muuza dawa za nguvu za kiume naye anaweza kuweka kiungo. Anaunda kurasa elfu, zote zina kiungo cha kweli kinachoelekea kwako, na seva yako inazizungukia zote kuzihakiki kwa bando lako. Ukishafungua mlango wa kupokea kutoka kwa yeyote duniani, unahitaji bawabu, na bawabu ni kazi ya kila siku.

Mdogo wangu wa Nkuhungu, swali langu kwako: kwa nini lazima uone kila jibu? Kwenye mkutano wa kijiji mgeni hasimami tu akaanza kuhutubia, balozi anamtambulisha kwanza. Fanya hivyohivyo. Programu ionyeshe majibu ya unaowafuata. Kisha iangalie hatua moja zaidi: wale unaowafuata wamemjibu nani, wamemtaja nani? Hao iwaonyeshe kwa rangi hafifu, na kando kiwepo kitufe cha kumfuata. Mama wa Bihawana, kama alilipata swali lako kupitia kwa mtu, basi tayari kuna mtu kati yenu.

Na hapo OPML inakusaidia. Ni muundo wa orodha ya milisho, umekuwepo tangu 2000, kila msomaji wa milisho anaujua. Kila mkulima achapishe orodha yake ya anaowafuata kama faili la OPML kando ya mlisho wake. Programu yako inasoma orodha za wale unaowafuata, mara moja kwa siku inatosha, na inajua mtaa wako wote wa pili bila mtu yeyote kukutumia chochote.

Kaka_Seva

Dada, kwa hiyo majibu ya mtu asiyejulikana kabisa yanapotea. Huo si mtandao wa kijamii, ni kijiwe.

Mama_Ilazo

Ndiyo, kijiwe. Ndicho alichoomba.

Mzabibu_Mkavu

Naomba niseme wazi, nimelala nalo hili na nimeshaamua. Nakwenda na Mama_Ilazo.

Kaka_Seva, hoja yako naielewa, na kama ningekuwa natengenezea waandishi wa habari ningekusikiliza. Kundi letu la kuchati halikufa kwa kukosa wageni, lilikufa kwa wageni. Mtandao wangu hautakuwa na mlango wa kupokea kabisa. Hakuna seva inayosikiliza, hakuna sanduku. Kila kitu ni kuchota: mimi naenda kwako nikitaka, wewe unakuja kwangu ukitaka. Mtu akinitukana kwenye mlisho wake na hakuna ninayemfuata anayemfuata, kwangu hajasema kitu. Na siku nikichoka na mtu, nafuta anwani moja kwenye orodha, sihitaji kumripoti popote.

Nikikaa vizuri naona karibu ugumu wote wa mitandao hii unaanzia pale unapoahidi kwamba ujumbe utamfikia mwenzako. Ukishaahidi hivyo unahitaji foleni, kujaribu tena seva ya mwenzako ikiwa imezima, kusaini, kuzuia, kuhakiki. Usipoahidi, unabaki na faili na ratiba ya kulichota.

Sasa bando. Nani ana hesabu?

Neti_ya_Kisasa

Kisasa ni mtaa, kabla hamjanicheka.

Hesabu ni hii. Tuseme milisho 30, kila mmoja KB 20, na simu inazungukia yote kila robo saa. Ni mizunguko 96 kwa siku. 30 mara 20 mara 96, unapata MB 57 na ushee kwa siku, na pengine siku hiyo hakuna aliyeandika kitu. Kwa bando la siku la mkulima huo ni wizi.

Dawa ya kwanza imo ndani ya HTTP yenyewe, kanuni ya kuchotea kurasa za wavuti. Seva ikikupa faili inakupa na ETag, yaani alama ya toleo, au tarehe ya mabadiliko ya mwisho. Ukirudi unaitaja: nilichukua toleo hili, kuna jipya? Kama hakuna, inakujibu 304 bila mwili, vichwa tu, nusu KB hivi. Zungusha tena hesabu: MB 1.4 hivi, ukiacha gharama ya kufungua muunganisho wa HTTPS. Seva yoyote ya kawaida inayotoa mafaili yaliyotulia inafanya hivi bila wewe kuiambia. Shida iko kwa wanaoandika programu za kusoma, wengi hawatumi ile ETag.

Ya pili, kila robo saa ya nini? Kuanzia alfajiri mpaka saa mbili asubuhi kila nusu saa, maana magari ndipo yanapotangazwa. Mchana kila saa mbili. Usiku mwacheni mtu alale.

Ya tatu ndiyo kubwa. Usiiachie simu kuzungukia milisho 30. Kompyuta yako ya dukani ichote yote, iunganishe kuwa mlisho mmoja, iubane kwa gzip. XML imejaa maneno yanayojirudia kwa hiyo inabanika vizuri mno. Simu inauliza swali moja badala ya thelathini.

Utaambiwa kuhusu WebSub, ya W3C 2018, zamani ikiitwa PubSubHubbub: mlisho ukibadilika kitovu kinawasukumia wanaofuata papo hapo. Kwa seva kwa seva ni tamu. Kwa simu haikusaidii, maana kitovu kinahitaji anwani ya wazi ya kukupigia, na simu iliyo kwenye mtandao wa kawaida wa data haina.

Lingine. Usiache mlisho urefuke bila mwisho. Weka vipengele ishirini vya karibuni kwenye faili la sasa, vya zamani visukume kwenye mafaili ya kumbukumbu yanayounganishwa kwa kiungo cha `prev-archive`. Ni RFC 5005. Zile kumbukumbu zako za dawa ya ukungu zitakaa humo, msimu kwa msimu, na hazimli mtu bando mpaka azitafute.

Na namba za simu za watu usiziweke kwenye milisho ya wazi bila wenyewe kukubali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, unawajua matapeli wa "tuma kwenye namba hii".

Pingamizi

Nimewasoma wote na ninacheka kidogo. Kompyuta ya dukani inachota. Kompyuta ya dukani inaunganisha. Nina hakika na mafaili ya wakulima yatakaa dukani, maana mkulima gani wa Mbabala atakodi seva? Ndugu yangu, umetoa kundi kwenye simu ya admini ukalihamishia kwenye kompyuta ya steshenari. Ugatuzi uko wapi?

Mzabibu_Mkavu

Pingamizi, swali zuri na nilikuwa naliogopa.

Ni kweli mwanzoni mafaili mengi yatakaa kwangu. Tofauti naiona hapa: faili ni la wazi na programu yoyote inalisoma. Nikianza ujinga, mtu anachukua faili lake kwenye flashi, analiweka kwingine, id zinabaki zilezile kwa ile `tag:` ya Fundi, na majibu aliyojibiwa bado yanamfuata. Nikiwa muungwana nitaweka 301, yaani ishara kwamba faili limehama moja kwa moja, kwenye anwani ya zamani, kwa hiyo programu za wanaomfuata zitahamia zenyewe. Nikiwa si muungwana, au nikifa, itabidi awaambie watu anwani mpya kwa mdomo. Hilo la pili sina dawa yake na sitajifanya ninayo.

Na mchotaji wa dukani hana siri yoyote. Mtu wa Mpunguzi mwenye kompyuta anaweza kuwasha wake kesho, akapata kilekile, kwa sababu anachota kutoka vyanzo vilevile. Kundi la kuchati huwezi kuliwasha la pili likiwa na yaliyomo yaleyale.

Pingamizi

Jibu la haki. Ongeza kitu kimoja basi: kila kijiji kiwe na kikoa chake, hata kama vyote vinaelekea kwenye seva yako. Kikoa kisajiliwe kwa jina la AMCOS yao, yaani chama chao cha ushirika, si kwa jina lako. Siku mkigombana wanabadilisha kinapoelekea, hawakuombi 301.

Na hili linakupa na uthibitisho bila kazi. Yeyote anaweza kujiita AMCOS ya Hombolo kwenye kichwa cha mlisho. Hawezi kuchapisha kwenye kikoa chao. Programu yako ionyeshe kikoa kwa herufi nene na jina kwa herufi ndogo, kinyume na wanavyofanya wengine.

Mzabibu_Mkavu

Kikoa kwa jina la AMCOS. Hapo nimekaa kimya, naandika.

Mzee_wa_Kibaigwa

Kijana wangu, shikamoo sijaisikia lakini nitaitikia marahaba.

Mimi si mtu wa kompyuta, mjukuu ndiye aliyenionyesha mjadala huu. Nimeuza mahindi soko la Kibaigwa miaka mingi. Nina maneno machache.

La kwanza, wenye kitochi umewaacha. Waache wakutumie meseji ya kawaida, na wewe au katibu wa kijiji awaandikie. Usiwadharau, wao ndio wenye mashamba.

La pili ndilo lililonifanya nimwambie mjukuu aandike. Umesema milisho iko wazi, yeyote anasoma. Mnunuzi naye ni yeyote. Ukitangaza una tani tano zinaiva Ijumaa na huna gari, umemshikisha mnunuzi rungu. Atakaa nyumbani kwake anakunywa chai mpaka Jumamosi, ndipo akupigie. Sokoni kwetu mtu hasemi ana magunia mangapi yaliyobaki kwenye stoo, anasema aliyoyaleta leo.

Mzabibu_Mkavu

Shikamoo mzee, na unisamehe kwa kuchelewa kuitoa.

Umenikata kauli. Hakuna RFC inayosema hilo.

Nimefikiria mlisho wa siri, yaani anwani ndefu isiyobahatishika inayopewa wanachama tu, au wa nywila. Inawezekana kiufundi, lakini anwani ya siri inayojulikana na watu thelathini ni siri ya wiki moja, na anayeivujisha hajulikani. Kwa hiyo sitaitegemea. Afadhali niseme tangu mwanzo kwamba kila kilichomo kwenye mlisho kimesomwa na mnunuzi. Basi vitakavyoingia ni dawa na magonjwa, magari na nafasi zake, kreti za kukopeshana, mvua ilinyesha wapi, na bei ambayo mtu ameshalipwa, baada ya kulipwa. Bei iliyolipwa ikiwa wazi inatusaidia sisi kuliko mnunuzi, maana hataweza kumdanganya wa Mbabala kwamba wa Hombolo alikubali kidogo. Tani zilizobaki shambani zinabaki kwenye simu na kwenye meza ya AMCOS.

Fundi, hili linanirudisha kwako. Mtu akikosea akaandika tani zake, akafuta, inafutika?

Fundi_Sanifu

Kwenye faili lake inafutika. Kwa waliokwisha kuchota haifutiki mpaka programu zao ziambiwe. Kuna RFC 6721 ya 2012, unaweka `deleted-entry` yenye id ya kilichofutwa, na programu ya kistaarabu inakiondoa. Isiyo ya kistaarabu inakiweka. Programu unaandika wewe, kwa hiyo ifanye iwe ya kistaarabu, ila mkulima usimdanganye kwamba neno limerudi mdomoni.

Mama_Ilazo

Weka kichelewesho kwa upande wa kuandika. Ukibonyeza tuma, kipengele kinakaa dakika kumi kwenye simu kabla hakijaingia kwenye mlisho. Hapo unaweza kufuta kweli. Matangazo ya gari yapite bila kuchelewa.

Neti_ya_Kisasa

Na picha? Mtu mwenye majani yenye unga mweupe hatakuandikia insha, atapiga picha ya MB 4.

Mzabibu_Mkavu

Picha haiingii kwenye mlisho. Kinaingia kiungo chake tu kwa `enclosure`, kama podikasti zinavyofanya kwa sauti, pamoja na ukubwa wake kwa baiti, ili programu imwonyeshe mtu "picha, KB 80" na yeye aamue kuifungua au la. Dukani nitazipunguza kabla hazijapanda, upana pikseli 800, majani yanaonekana vizuri. Ile ya asili inabaki kwenye simu ya mwenyewe, bwana shamba akiitaka ataombwa.

Dakika kumi za Mama_Ilazo nimezichukua. Jumamosi nakwenda Hombolo Makulu kuongea na katibu kuhusu kikoa. Nikirudi nitaweka hapa faili la mfano, na atakayetaka kuwasha mchotaji wake aniambie anatumia Windows au Linux, maana skripti nimeiandika kwa Linux na ile ya Windows bado inanigomea kwenye majina ya mafaili yenye nukta mbili.